Kagure Alisimama Laini Nyingine

Kwa Mutahi,
Mukurweini,
Nyeri.

Jumatano, 18 Juni 2025

Mpendwa binamu Kingori,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, na kama si mzima, basi angalau uwe na nguvu ya kukasirika pamoja nami. Goti lako linaendeleaje? Langu la kushoto limestaafu na la kulia linatafuta kisingizio. Na presha ya mkeo Tabby imeshuka, ama bado unaipandisha wewe? Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mimi Jumamosi nilichaguliwa tena mwenyekiti wa tawi la chama, mara ya saba, kwa kishindo, mpaka vijana wakanibeba mabegani.

Huo ni uongo. Nilishindwa, Kingori. Nilishindwa mpaka mbwa wa soko akanihurumia.

Naandika kwa kalamu, na barua nampa dereva wa basi la Arusha, kwa sababu simu ya nyumba hii ni moja, na inalala kwa mfuko wa aproni ya mke wangu Kagure, na habari yenyewe inamhusu Kagure. Naandika Kiswahili kwa sababu macho yako yameisha, na najua atakayekusomea huko Arusha ni mke wa mwanao, yule binti wa Kichagga. Mama, ukifika mahali pa matusi, kohoa kidogo upite.

Kingori, kile chama chetu cha Debe kimeibwa mchana, huku watu wanapiga makofi. Wewe ndiye uliyechora lile debe la maziwa kwenye bendera ya kwanza, mwaka wa tisini na mbili, likatoka kama sufuria iliyopigwa teke. Lakini lilikuwa letu. Chama cha watu wa kahawa na maziwa, watu wa matope kwa viatu. Mtu akisema "Debe!" unajibu "Limejaa!" hata kama nyumbani hakuna majani chai.

Sasa makao makuu wameondoa debe. Wameweka mshale wa kijani unaopanda juu, kama ule wa matangazo ya benki. Niliuliza vijana huo mshale unaenda wapi, wakaniita babu, "Guka, unaenda mbele." Mbele gani, na umeelekezwa mawinguni? Pumbavu!

Kahawa yenyewe nusu imeng'olewa. Ukisimama kwetu ukiangalia ng'ambo ya mto utaona ndizi, avokado, na mashamba yaliyokatwa ploti hadi kuku akinyoosha shingo anakula kwa jirani. Sisi wenye namba za kahawa, zile za ushirika, tunazikana kila wiki. Waliojaa kwa chama siku hizi ni watu wa boda boda, wauza simu, na mawakala wa kutoka Sagana wanaonunua ndizi zetu kwa bei ya matusi, halafu jioni wanavaa shati la Debe na kuniuliza mimi kama niko na kadi.

Vijana ningewavumilia. Nisiyemvumilia ni Kinuthia. Huwezi kumsahau: yule jogoo wa chama tawala aliyetuletea polisi kwenye mkutano wetu wa kwanza, akachoma bendera yetu mbele ya bucha. Wewe ulitoroka kwa dirisha la choo, mimi nikalala seli siku tatu na kiatu kimoja. Huyo leo ndiye mlezi wa Debe. Mlezi! Jumamosi alishuka kwa gari, akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Mzee Mutahi, si ni sisi tulianzisha hii kitu?" Sisi! Ningekuwa na meno ya mbele, ningemng'ata sikio.

Basi huo uchaguzi wa tawi ulikuwa wa mlolongo. Kijana mmoja wa suruali ya kubana, aliyetumwa kutoka Nyeri mjini, alisema kwa kipaza sauti kwamba hakuna karatasi za kura, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Upande mmoja mimi. Upande mwingine Shiro, msichana wa miaka ishirini na minane anayebeba maziwa ya watu kwa pikipiki. Nikasimama wima, nikaweka mikono nyuma kama mtu wa serikali, nikatazama mbele. Sikugeuka. Mwenyekiti hageuki kuhesabu watu wake, ni aibu.

Nilipogeuka nilikuwa na watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa zamani wa shule ya Jumapili, na huyo hunihurumia kwa kazi. Wa pili alikuwa amesinzia juu ya bakora. Wa tatu alikuwa Theuri, yule jirani asiyesikia vizuri.

Theuri akaniuliza, "Mutahi, kila mtu anapewa gunia ngapi?"

"Gunia za nini?"

"Si hii ni laini ya mbolea ya serikali?"

"Ni laini yangu, mzee!"

"Sasa wewe uko na mbolea?" Akaenda zake akinung'unika. Nikabaki na wawili, na mmoja amelala.

Ndipo nikaangalia laini ya Shiro. Ilikuwa imepinda kiwanja chote ikafika kwenye josho la ng'ombe. Na katikati, na kitambaa chake cha kanisa kichwani, alikuwa Kagure.

Nilidhani amepotea. Nikamwita kwa sauti, "Mama Nyawira! Umekosea laini!"

Watu wakacheka. Kagure hakucheka. Akasema, wala hakupaza sauti, "Sijakosea, Baba Nyawira. Miaka arobaini na miwili nachuma kahawa kwa jina lako. Leo nimepata mahali pa kusimama kwa langu." Halafu akaongeza, "Na uangalie mbele, utaanguka."

Nilirudi nyumbani peke yangu nikitukana kila mti. Nilimtukana Shiro, nikamtukana Kinuthia, nikatukana mshale. Kagure nilitaka kumtukana pia, lakini nilipofika mlangoni nikakumbuka kule kiwanda cha kahawa. Unajua karani wa mizani akiita "Mutahi!", anayejibu "Niko!" ni Kagure, na gunia liko mgongoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiona ni jambo la kuchekesha. Nilikuwa nikijisifu kwa baa kwamba mimi ni mtu mkubwa, naweza kuwa mahali pawili.

Halafu nikakumbuka kitu kibaya zaidi, na hapa hata wewe umo, usijifanye hunisikii. Ni nani aliyeandika kwamba mwanachama wa Debe lazima awe na namba ya kahawa, sharti ambalo makao makuu wamelifuta juzi tu? Mimi na wewe. Tulisema ni kuzuia wavivu wa mjini. Na namba zilikuwa za nani? Za wanaume. Tuliandika kwenye meza ya Kagure tukinywa chai ya Kagure. Aliposema anataka kadi yake, nilimwambia kadi yangu inatosha watu wawili. Wewe ulicheka mpaka ukamwaga chai, na ni yeye aliyepangusa.

Usidhani nimeokoka. Bado nimekasirika, tena sana. Chama changu kimechukuliwa na aliyenifunga, na nikitafuta aliyemfungulia mlango naona vidole vyangu: tuliwafungia nje wake zetu, tukabaki wazee wa kuzikana, na mwenye gari akaingia. Hiyo ndiyo inanikosesha usingizi wa mchana.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini na nane kuna mlolongo mwingine, wa wadi nzima, wa kuchagua mwakilishi wa wakulima. Kinuthia ameleta mtu wake, wakala wa kahawa mwenye mikono laini kama ya mtoto mchanga. Shiro amemsimamisha Kagure. Kagure wetu! Na watu wa Kinuthia wamekodi magari ya kuleta watu, kwa hiyo kila mguu una maana, hata huu wangu uliostaafu.

Nataka kusimama laini ya Kagure. Lakini tangu siku ile tunaongea habari za ng'ombe tu. Amekula? Amekula. Amekunywa? Amekunywa. Nikijaribu kusema hilo lingine, mdomo unauliza habari za ndama.

Nisalimie Tabby, umwambie maharagwe yake mekundu niliyapanda na yakakubali. Msalimie mwanao, na huyu binti anayesoma ambaye leo amekohoa sana. Nyawira wetu yuko Nanyuki, anawasalimu nyote. Mungu awape mvua ya kiasi, magoti ya kukunjika, na majirani wasiogombea chochote.

Na wewe Kingori, uko na deni langu la maneno. Baba yake Tabby alipokukataa, ni mimi niliyepanda hadi Endarasha kwenye mvua kukusemea, nikaapa mbele ya wazee kwamba wewe ni mtu wa kazi. Sasa nisemee na mimi. Mpigie Kagure Jumapili baada ya kanisa, saa anapokunywa chai. Usimwambie nimekutuma. Muulize tu, kama jambo lililokujia kichwani, nikija kusimama nyuma yake tarehe ishirini na nane, atanifukuza? Ongea polepole na umwache ajibu. Nitakuwa nje chini ya dirisha, najifanya natengeneza ua.

Ni mimi nikupendaye, na ninayekungoja Jumapili,
Mutahi