Kabati la Moshi Lisilovuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lautoka, Fiji
Jina: Vilimaina Drodrolagi. Umri: miaka 53. Kazi: fundi wa maabara ya kilimo. Makazi: Waiyavi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kwa miaka ishirini na sita nimepima madini yaliyomo kwenye majani ya miwa. Tunayakausha, tunayasaga, tunayachemsha kwa asidi, kisha mashine inasoma kiasi cha potasiamu, chuma na mengineyo. Wakulima walizoea kuuliza, "Mama Vili amesemaje?"

Mwezi Februari aliletwa Akeneta Lewatu, miaka 27, ametoka masomoni Brisbane, pamoja na mashine mpya. Siku ya kwanza aliniambia mbele ya watu, "Shangazi, mashine yako inasoma moja moja kama mtoto wa chekechea. Yangu inasoma kumi kwa mkupuo!" Walicheka. Na mimi nilicheka. Tangu hapo wakulima wakawa wanauliza, "Yule binti yupo?"

Mnamo tarehe 11 Juni, saa kumi alasiri, niliwasha kabati la kuvuta moshi wa asidi. Mota ilinguruma, lakini karatasi niliyoishika mdomoni mwa kabati haikutikisika. Nikajua mkanda wa feni umekatika. Akeneta akapita na bakuli la mihogo ya mama yake.

"Karibu, Shangazi."

Nikamjibu nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Tarehe 12 Juni, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alianza kuchemsha sampuli arobaini. Mimi nilikuwa chumba cha mizani; kati yetu kuna kioo. Niliona moshi wa kahawia ukimjia usoni badala ya kupanda juu. Nilitaka tu kazi imharibikie, mkuu wa maabara amkaripie kama anavyonikaripia mimi. Akakohoa. Akashika meza. Akanitazama, kisha akaanguka.

Nilijifunga kitambaa kibichi usoni, nikaingia, nikamburuta hadi nje. Alikuwa akisema, "Shangazi, zima jiko, majani ya watu yataungua."

Gari la wagonjwa lilifika saa tatu na dakika arobaini na tano. Mpaka sasa anapumua kwa oksijeni.

Haya ndiyo maelezo yangu. Hakuna aliyenilazimisha kuyatoa.

(Sahihi) V. Drodrolagi

Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Nilimuuliza kama niongeze kwamba alisahau kumwonya mwenzake. Alijibu, "Sikusahau, mwanangu. Andika nilinyamaza."

Koplo Semi Ravouvou, 12 Juni, saa nane na robo mchana.