Sanduku la Vipande vya Kioo

Karakana ya Vioo,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la magodoro.
Jumapili, asubuhi baada ya chai.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute umesimama wima, umekula na umelala vizuri. Habari za chuo? Habari za hospitali? Miguu imeacha kuvimba kwa kusimama wodini? Mkaza mjomba wako anauliza kama lile blanketi lilitosha. Mjibu upesi, maana usipomjibu atanisumbua mimi.

Sisi huku hatujambo. Mimi juzi niliguswa na homa kidogo, homa ambayo angeipata mtu mwingine, sasa hivi wangekuwa wanagawana mashati yake. Nilikwenda zahanati kwa miguu yangu. Yule muuguzi aliponijia na sindano, nikapona palepale. Nilitokea dirishani, si kwa woga, usisikilize maneno ya mkaza mjomba wako. Mlango ulikuwa mbali na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Unasema mwenzako mnayesoma naye anaingiza sindano kwenye mshipa mara moja tu, huku anapiga soga, na wewe unautafuta mshipa mpaka mgonjwa anakuuliza kama umedondosha kitu. Hapo nilicheka, nisamehe. Lakini mbele sikucheka. Unasema msimamizi wako amekuambia mikono yako haikuumbwa kwa kazi hii, nawe umemwamini, na mwisho wa mwezi unafungasha virago unarudi. Halafu unaniomba nimwandae mama yako taratibu asije akashtuka.

Sijamwandaa. Kwanza kaa nikueleze mama yako ni nani, maana yeye mwenyewe hawezi kukuambia. Dada yangu yule maneno anayatoa kama dawa, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Sifa zangu mimi unazijua, lakini si vibaya kuzikumbusha. Siku ninaingia karakana hii nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, au shule ndiyo iliniacha, tuliachana kwa amani. Fundi mkuu tulimwita Bwana Rula, kwa sababu rula yake ilikaa nyuma ya sikio kana kwamba imeota hapo. Akanipa kikatio, kile chenye kigurudumu kidogo cha chuma nchani, akasema, "Jaribu, kijana, usijikate tu." Nikavuta mstari mmoja. Kioo kikaachana chenyewe kama watu waliogombana. Kulikuwa na nzi ametua juu yake. Nusu ya kioo ikaenda naye, na hakuamka. Kuanzia hapo nikawa Mkono wa Dhahabu. Nilikata huku nimegeukia watu nawapigia hadithi, na mstari ulinyooka tu.

Mama yako alikuja baadaye, baba yako ameshatutoka na wewe unatambaa. Alikuja kufagia. Siku moja akaweka ufagio chini, akamwambia Bwana Rula kwamba anataka kukata. Akapewa kioo kidogo cha dirisha la choo. Mlio wake ulisikika mpaka kwa watu wa magodoro. Akapewa kingine, nacho kikaenda njia hiyohiyo. Wiki ikaisha anaitwa Kishindo. Dada yangu wa tumbo moja, lakini mkono aliopewa yeye ulikuwa kama umeazimwa kwa mchimba mitaro.

Wenzetu walimchokoza sana. "Kishindo, leo umevunja nini?"

Naye bila kuinua kichwa: "Bado nachagua."

Bwana Rula akampiga marufuku kugusa kioo kizima. Mtu mwingine angerudi kwenye ufagio wake akanuna. Mama yako aliniomba sanduku. Nikamtafutia la mbao, nikawa namjazia vipande: madirisha yaliyopigwa na mipira, milango ya kabati, makombo ya mezani kwetu. Kumbuka hapo kwamba aliyejaza sanduku ni mimi, kwa sababu watu husahau. Sisi tukikaa kula mchana, yeye yuko kwenye kona yake, anakata, anavunja, anakata. Vidole vyake vilikuwa plasta zaidi ya ngozi. Na kila kilipomvunjikia kipande hakukitupa hivihivi. Alikigeuza kwenye mwanga, akautazama ukingo wake, akakisemesha: "Wewe, mbona umekwenda kushoto? Nani kakutuma?" Tulidhani dada anaanza kuchanganyikiwa.

Siku nyingine alinijia mwenyewe.

"Ndugu yangu, hebu niambie, wewe unafanyaje?"

"Nakata tu."

"Unakataje?"

"Si hivi unavyoona!"

Mpwa wangu, huo ndio ualimu wangu wote. Sikuwa na kingine cha kumpa. Ni kama kumuuliza kuku anatagaje.

Wewe ukaota meno, yakang'oka, ukaota mengine, mama yako bado yuko na sanduku. Ikawa kati ya vingi vibaya kinatoka kimoja kizuri. Kisha vizuri vikaanza kuzoeana naye. Bwana Rula akamruhusu vioo vya fremu za picha, halafu vya madirisha. Hakuna aliyepiga makofi. Aliyepigiwa makofi bado nilikuwa mimi.

Ndipo ikaja kazi ya duka la miwani. Kioo cha mbele, kinene, kirefu kunizidi, na mimi unanijua ni mtu wa kuinama milangoni. Kwa msambazaji kilikuwa kimebaki hicho kimoja, na duka lilikuwa linafunguliwa kesho yake. Mwenye duka alisimama karibu yetu na tai yake, anapangusa jasho. Nani akate? Hilo nalo swali! Nikavuta mstari huku nawasimulia ile siku niliyomshika fahali kwa pembe moja. Nikagonga. Ufa ukaanza safari vizuri, ukafika katikati, ukasimama. Halafu ncha yake ikaanza kupinda kidogo kidogo kuelekea pembeni, kama mtu anayetoroka mkutano.

Nilikuwa sijawahi kuona ufa wangu ukipinda. Haki ya Mungu. Mikono ikaniganda hewani. Bwana Rula akaitoa rula sikioni, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Usiguse!" Sauti ikatoka kwenye kona.

Mama yako akaja, akainama, akautazama ule ufa kama alivyotazama vipande vyake vyote. "Huyu namjua," akasema. Akazunguka upande wa pili, akapiga magoti pale kioo kilipotokeza nje ya meza, akaanza kuugonga mstari kwa chini, kuanzia kule mwisho, kwa kitako cha kikatio, tik, tik, tik. Ufa mwingine ukazaliwa kule, akaulea taratibu uje kukutana na wangu. Mwenye duka alikuwa amefumba macho. Nyufa zilipokutana, kioo kikalia kidogo kama kidole kinapovutwa, kikaachana kimenyooka.

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Vya namna hii nimevunja vingi. Wewe umevunja vingapi?"

Nikahesabu, nikaona sijafika hata kimoja. Mimi kila kioo kilipokatika vizuri kiliniachia sifa tu. Yeye kila kilichomvunjikia kilimwachia kitu cha kujua, naye alivibeba vyote kichwani, mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona mzigo huo.

Leo meza kubwa ni yake. Bwana Rula alipostaafu alimpachika ile rula sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Vijana wakikwama humwendea yeye, naye huwaonyesha hatua kwa hatua, maana kila pabaya alishapita. Mimi huniita wakati wa chai, niwape hadithi. Siionei haya nafasi hiyo, ni kazi nayo. Lakini nikimwona ameinamia kioo, mimi Mkono wa Dhahabu huwa naacha kuongea. Mkaza mjomba wako anasema ndiyo dawa pekee iliyowahi kunifanyia kazi.

Sasa wewe. Nimefikiri sana juu ya barua yako, nikaona tatizo lako. Wewe huna sanduku. Mgonjwa si kipande cha kuharibu. Yuko pale anaumwa, anakutazama usoni, na wewe una roho ya huruma, basi mkono unatetemeka. Mama yako naye angetetemeka kama kila siku angepewa kioo cha duka la miwani.

Kwa hiyo Ijumaa napanda basi nakuja. Nina mikono miwili yenye mishipa minene kama mipira ya kumwagilia bustani. Mwombe msimamizi wako akae pembeni atazame, kila kitu kiwe safi na kwa utaratibu wenu. Uchome. Ukikosa, usikimbilie kulia, uulize kwanza ule mshipa umekwenda wapi na nani kautuma. Kisha uchome tena. Dirishani siruki. Ila ili tuwe na uhakika, tafuta chumba cha ghorofani.

Baada ya hapo, ukitaka bado kurudi, mimi mwenyewe nitakubebea virago. Mama yako nimemwambia tu nakwenda kukusalimia. Alinitazama, akaniambia nivae shati la mikono mifupi. Sijui amejuaje.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, na binamu yako Kifuniko anasema umletee picha ya ghorofa. Bibi yako anakuombea kila akiketi. Bwana Rula nilikutana naye sokoni, naye anakusalimu, anatembea na sikio tupu. Mungu akutulizie mkono, akupe na moyo wa kukosa bila kukimbia.

Nipokee kituoni. Ukimaliza mkono wa kulia, upo wa kushoto.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa mikono yote miwili,

Mkono wa Dhahabu