Malkia Aliyerudi Nyuma

Arua, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Salaam zangu zikukute hapo Koboko na afya njema, na goti lile liwe limekuachia usali umesimama. Sisi huku tuko wazima. Mimi hasa nimezidi, unanijua.

Najua unangoja neno langu kabla wazee wa Shafiki hawajafika Ijumaa. Tangu baba atutoke, neno la posa ya dada yangu Jamilah iko kwangu, na wewe ulikataa posa isisemwe kwenye simu. Basi soma polepole.

Shafiki alipokuja kuniomba, nilimjibu kwa mdomo wangu huu uliofika Juba na Kisangani: anifunge kwanza chesi kwenye mashindano ya Mvara, ndipo atume wazee. Tukakutana fainali. Nikamfunga! Kikombe ndicho hicho nilichokutumia. Nilipotoa farasi wangu aliwe bure, watu walishika vichwa, nami nikawaambia wanafunzi waliosimama pale waje niwafundishe, mimi wa darasa la tano.

Jana nikamwita Jamilah, aliyekuwa hanisemeshi, aone mashine ya chesi kwenye simu ikinisifu. Nikaingiza miendo yote. Pembeni iko mstari: weupe ukipanda ni mimi ninayeshinda, weusi ukipanda ni yeye. Weupe ulipanda vizuri mpaka kwa farasi wangu yule. Hapo mashine ikaweka alama mbili nyekundu za kuuliza, na mstari wote ukawa mweusi kama sufuria ya matanga. Ikaonyesha malkia wa Shafiki akishuka kando ya mfalme wangu, nimekwisha. Mwendo mmoja tu! Nikakumbuka: alikuwa ameshamgusa malkia. Akanitazama, akatazama watu, akamrudisha nyuma.

Jamilah akasema kwa sauti ndogo kwamba basi Shafiki hamtaki. Njia ilikuwa wazi na ameikimbia. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama, nilirukia boda nikiapa kwamba kama amemchezea dada yangu, Arua nzima itasikia. Nilimkuta akishona. Nikaweka simu juu ya cherehani yake. Hata hakuiangalia. Alisema mati ile, mwendo ule wa kunimaliza, aliiona. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikijisifu, na shemeji havuliwi nguo hadharani. Angenifunga saa ile, angepata bibi na kupoteza kaka, na Jamilah angekuja kwetu kila Idi na mume nisiyeweza kumtazama usoni. Afadhali nimkatae, akasema, kuliko aniaibishe.

Mimi, Mama, mwenye maneno ya nchi tatu, nilichukua simu yangu, nikarudi nyumbani kumweleza Jamilah yote.

Sasa nikwambie ukweli. Barua ya kukukatalia posa nilikuwa nimeshaiandika, kabla ya kufungua mashine. Ilikuwa mfukoni mwangu pale pale nikimsikiliza. Leo Jamilah ameiwashia sigiri ya makaa, na chai tumekunywa pamoja.

Neno langu ni ndiyo. Na kile kikombe usikifiche kabatini. Kitie sukari, ukiweke mbele ya wazee wake. Wao hawatajua kitu, lakini wakimsimulia Shafiki, ataelewa kwamba ni chake. Akishaoa nitamwita kwenye ubao wa chesi, mlango umefungwa, Jamilah peke yake akitazama. Siku hiyo asinihurumie.

Wasalimie majirani wote, hata wale wanaosema mimi naongea sana. Jamilah anakubusu mikono.

Mwanao mwenye mdomo,
Tahiru