Maziwa Niliyowapa Mafundi wa Walikale

Neema, mujukuu wangu,

Huku Masisi tuko wazima. Mama yako anakusalimia, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa.

Unaniandikia kwamba mafundi wa huko Bulaya wameacha nyumba yako bila dari, na unauliza kama uiuze. Hapana, usiuze!

Nilipoolewa Walikale, mimi pia nilikuwa mugeni. Tuliita mafundi watatu watutengenezee paa. Kila siku saa sita ya muchana niliwapelekea maziwa ya ng'ombe niliyekuja naye kutoka huku Masisi, heshima kubwa ya kwetu. Walishukuru, lakini hawakunywa. Siku ya ine hawakuja. Nikasema: hawa watu wananizarau!

Mvua ikatunyeshea mpaka kitandani. Basi nikajifunga kitenge, nikaenda kwa fundi mukubwa, nikamuuliza kosa langu. Akacheka.

«Mama, sisi watu wa pori hatujazoea maziwa. Tulikuwa tunapanda juu na njaa.»

Kesho yake nilipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, tukakula pamoja. Paa likaisha kwa siku mbili.

Nenda kwa fundi wako leo, wewe mwenyewe, mpaka mlangoni. Usianze na mambo ya dari. Muulize kwanza umemukosea nini. Akicheka kama yule wangu, ujue dari iko karibu.

Koko yako, Furaha