Namba ya Mama Mkwe

Dada yangu,

Hatujambo. Paa halivuji tena, na mama mkwe anafuma kofia za mjukuu anayemsubiri kwangu.

Nilipojiandikisha zahanati, simu yangu ilikuwa kwa fundi, nikatoa namba ya mama mkwe. Jana akaletewa ujumbe: nimekaribia tarehe ya sindano ya kupanga uzazi. Alinionyesha.

Leo nimekwenda zahanati, nikawawakia. Karani akasema, "Tutabadilisha, ila kwa usalama wako, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ileile."

"Ya mkwe wangu?"

"Mpigie akusomee."

Nikampigia, foleni nzima ikisikiliza. Alinisomea polepole, kwa upole.

Basi siri yangu iko salama, dada. Nyumbani nimekuta kofia zote zimefumuliwa, uzi umeviringishwa vizuri.

Mdogo wako