Alama Pembeni mwa Mlango

Kaka Vitus,

Makande yako kwenye hotpoti. Vanishi usipake leo. Magogo ya ukuta bado yamelowa, na kwa ukungu huu itabanduka yote.

Nimempeleka mama kwa shangazi Beatha. Nakuandikia kwa sababu kukuambia usoni siwezi.

Asubuhi ulimwita ukicheka, “Mama, njoo uone! Lile doa sugu pembeni mwa mlango nimeling'oa kwa sabuni na brashi ya waya!” Kaka, wewe ulikuwa mbali kule Bendera, hukujua. Doa lile ni marehemu baba. Mwaka mzima wa kuugua kwake alikaa pale, kichwa na mgongo vimeegemea ukuta, mpaka gogo likashika weusi wa jasho lake. Tangu tumzike, mama haendi kulala kabla hajaligusa.

Ulipoingia ndani kunywa chai, alipapasa lile gogo lililobaki jeupe, mikono ikilowa povu. Akaniambia, “Wamemwosha mara ya pili.”

~~Usitufuate.~~ Njoo jioni. Mletee sweta lake, lipo kitandani. Usijieleze, kaa naye tu.

Mdogo wako,
Honorata