Sikumwona Mama Aline akionja

Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri hapa Kicukiro, kisha jua likatoka kali, mabati ya majirani yanang'aa mpaka nafumba macho. Niseme jicho. La kulia lilifanyiwa upasuaji siku tisa zilizopita. La kushoto bado lina mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hapa tunauita ishaza.

Safari hii yote ya matibabu sikumwamini mtu, na sisemi hivi kwa kujisifu. Daktari nilimshuku kwa sababu ni kijana na anatabasamu mno. Aliniwekea matone, akanimulika na taa yake, akasema kile kioo kilichomo ndani ya jicho kimeingia ukungu, tena macho yote mawili. Ni umri tu, eti. Hakuna dawa ya kunywa wala ya matone itakayokisafisha; ni kukitoa na kuweka kingine cha kutengenezwa. Nikauliza kwa nini aanze na jicho moja. Akasema ndivyo inavyofanyika, hili likipona ndipo watibu lile. Moyoni nikasema, haya, anajifunzia kwangu.

Nimefundisha Kiswahili sekondari karibu maisha yangu yote. Ukisahihisha mitihani muda huo, unaishia kuamini kwamba kila mtu amenakili mahali.

Watu walikuwa wameshaniambia kwamba wanang'oa jicho zima, wanaliosha, wanalirudisha. Uongo mtupu. Walinichoma ganzi, nikalala hivyohivyo bila kusinzia, nawasikia wakiongea habari za mvua. Kisu sikukiona. Niliona mwanga na rangi zinaelea, na nusu saa haikufika wakasema tayari. Kesho yake walipotoa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni mikono yangu. Jamani, nilizeeka lini?

Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa kuandika.

Mama Aline ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Alikulia Bujumbura kama mimi nilivyokulia Karagwe. Tuliporudi nchini kutoka ukimbizini watu walicheka Kinyarwanda chetu, basi sisi tukawa tunazungumza Kiswahili, kila mmoja na chake, na hapo urafiki ukaanza. Mwaka jana, alasiri moja, alinikaribisha ubushera, kinywaji cha mtama ambacho hakuna aliyekipika kumshinda. Desturi yetu mnaijua: mwenyeji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe, ujue hamna sumu. Hakuna anayelisema jambo hilo. Unatazama tu.

Nilitazama. Sikumwona akionja.

Alisimama mlangoni na kikombe, kisha akaja akanipa. Nikasema tumbo linaniuma, nikakiweka chini, nikaenda zangu. Sikukanyaga kwake tena. Haukupita muda mrefu nikashindwa kusoma namba za basi, taa za magari zikawa zinanitawanyikia usoni, na mimi nikaona mambo yamejipanga yenyewe: mwanamke huyu amenifanyia kitu. Nikawaambia wenzangu wawili wa kanisani. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia, mwalimu mzima, kwa sauti ya kufundishia. Tangu hapo hakuna aliyemwomba Mama Aline apike ubushera wa ubatizo wala wa arusi.

Asubuhi hii nilikuwa sebuleni nayalinganisha macho yangu, nafunika hili, natazama na lile. Yvette, binti yangu, akatokea mlangoni na kikombe cha uji, jua liko mgongoni mwake. Wakati huo nilikuwa natumia jicho la kushoto, lile bovu. Niliona umbo jeusi, basi. Akanipa uji. Nikamuuliza kwa nini hakuonja.

"Nimeonja mara mbili, Mama. Pale pale mlangoni. Ulikuwa unanitazama."

Nikamwambia arudi mlangoni aonje tena. Alidhani nimechanganyikiwa, lakini alirudi. Kwa jicho la kushoto, umbo jeusi. Kwa la kulia nikaona midomo, nikaona kikombe, nikaona hata alivyokunja uso kwa moto wa uji. Nikamrudisha mara ya tatu, na ya nne. Nilitamani mno nimkute na kosa.

Mlango wa Mama Aline unatazama magharibi, na siku ile ya ubushera ilikuwa alasiri; jua lilikuwa mgongoni mwake pia.

Nimelia. Daktari alikataza kulisugua jicho, kwa hiyo niliyaacha machozi yateremke yenyewe mpaka kidevuni. Kisha nikampigia simu. Nilimweleza kila kitu bila kuzungushazungusha: kwamba nilidhani ameniwekea sumu, kwamba nilisema kwa watu, na watu hao ni fulani na fulani. 

"Nilijua," akasema. "Siku ileile nilijua. Uliacha kikombe kimejaa."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia Jumapili baada ya misa nitawaita wale wawili, niseme mbele yake kwamba mimi ndiye niliyekosa. Hakunijibu kama amenisamehe. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake kile, "Hiyo jicho ingine iko lini? Nani atakushika mkono?"

Nikasema mwezi ujao, na Yvette siku hiyo atakuwa kazini Kacyiru.

"Basi nitakuja mimi," akasema, akakata simu.

Nimebaki nimeishika simu. Mtu mwingine angepiga magoti ashukuru. Mimi naandika aibu yangu kama ilivyo: wazo la kwanza lililonijia, hata kabla sijafuta machozi, ni hili. Mbona amejitolea upesi hivyo?